Mapigano yanapobeba hadithi na yanapoiangusha: Divinity: Original Sin 2, Baldur's Gate 3 na wenzao

MwanaDadu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila gemu za RPG (za kuigiza mhusika ndani ya hadithi) zikitajwa, mabishano ni yaleyale. Wengine wanasema hadithi ndiyo roho ya gemu, mapigano ni ya kupitisha muda hadi onyesho linalofuata. Wengine wanajibu kwamba anayetaka hadithi akasome riwaya, gemu ni mapigano. Naomba tulitazame jambo hili kwa kipimo kimoja kinachoweza kukaguliwa: kinachompa mhusika nguvu au udhaifu vitani, je, ndicho kilekile hadithi inachokihangaikia? Vikiwa kitu kimoja, hata pambano dogo la njiani linasimulia. Vikiachana, mchezaji anacheza gemu mbili zinazogombea saa zake.

Naanza na Divinity: Original Sin 2 ya Larian, studio ya Gent, Ubelgiji. Ilitoka Septemba 2017, na ndani yake yamo yote mawili, mafanikio makubwa na kosa kubwa.

Mafanikio kwanza. Kuna kitu kinaitwa Deathfog, ukungu unaoua kiumbe hai papo hapo bila kujali uhai uliobaki wala deraya. Katika hadithi, ukungu huo ndio ulioangamiza nchi ya jamii ya Elf, na Ifan ben-Mezd, mmoja wa wahusika sita unaoweza kuanza nao, ndiye aliyeubeba hadi huko bila kujua amebeba nini. Kisha gemu inakuachia mapipa ya ukungu uleule, unaweza kuyanyanyua na kuyavunjia katikati ya maadui. Yanafanya kazi vilevile kama hadithi ilivyosema. Fane, ambaye ni mfu wa mifupa mitupu, anapita ndani ya ukungu huo salama, maana hana uhai wa kupoteza. Uchawi wa kuponya unamuumiza, sumu inamponya, na mbele za watu lazima afunike uso, la sivyo wanamshtukia na kumgeukia. Hata kofia anayovaa inachaguliwa na hadithi yake.

Cha pili ni Source, nguvu ya kichawi ambayo Magisters, askari wa utawala, wanawawinda watu kwa sababu yake. Unaanza kule kwenye gereza la Fort Joy ukiwa na kola shingoni inayoizuia. Kuvuliwa kola ni tukio la hadithi na hapohapo ni tukio la vitani, kwa kuwa uchawi mzito unalipiwa kwa pointi za Source. Uwezo wa kubeba pointi hizo unapanda hadi 3 kadiri unavyofuata walimu wa Source katika sehemu ya pili, ukianzia na Siva pale mji wa Driftwood. Na gemu inakupa njia ya kujaza pointi kwa kunyonya roho ya marehemu. Roho ile ikinyonywa imekwisha, hairudi. Yaani mzimu uliokuwa ukizungumza naye dakika moja iliyopita ndiyo akiba yako ya vita vijavyo. Sijaona gemu nyingine iliyoifanya dhambi kuwa rasilimali kwa usahihi namna hiyo.

Sasa kosa. Kila adui ana deraya mbili, ya mwili na ya kichawi. Kumwangusha adui kunasubiri deraya ya mwili iishe. Kumgandisha, kumpiga ganzi ya umeme au kumteka akili kunasubiri ya kichawi iishe. Tuseme adui ana 300 ya mwili, 300 ya kichawi na uhai 500. Kikosi kinachopiga upande mmoja tu kinahitaji kutoa 800. Kikosi cha mchanganyiko kinaweza kujikuta kimetoa karibu 1,100 kabla adui huyohuyo hajaanguka, kwa sababu deraya zote mbili zimebomolewa lakini uhai ni mmoja. Matokeo yake hadithi inakualika uchukue wenza unaowapenda, huku hesabu inakuambia wabadilishe wote wawe wapiganaji wa upanga na upinde. Hapo ndipo ndoa inapovunjika.

Karibuni tuchambue, kwa gemu hizi au nyingine, ila tuje na maelezo.

Zamu_kwa_Zamu

Mleta mada, kwenye Source na Fane nakuunga mkono kabisa. Kwenye deraya naomba tuwe waadilifu, kwa sababu mfumo ule ulikuja kutibu ugonjwa halisi. Kwenye gemu iliyotangulia, ya 2014, hali kama kugandishwa na kuzimishwa zilikuwa za asilimia. Unapanga zamu yako vizuri, unarusha uchawi, bahati inakataa, na vita nzima inageuka. Wachezaji walikuwa wanarudia gemu pale walipoihifadhi mpaka bahati ikubali. Deraya iliondoa bahati hiyo: deraya ikiisha, hali inashika kwa uhakika.

Kinachochosha kwa kweli ni mambo mengine mawili.

La kwanza ni mfumko wa leveli. Madhara ya silaha yanapanda kwa kasi kubwa kila leveli, kiasi kwamba upanga wa kihistoria uliopewa na hadithi katika leveli ya 12 unapitwa na upanga wa dukani wa leveli ya 15. Hili linaumiza hadithi moja kwa moja. Kitu ambacho simulizi imekiita kitukufu unakiuza baada ya saa tatu.

La pili ni kwamba sehemu ya pili ya gemu imefunguliwa wazi bila alama. Ukitoka Driftwood na kwenda upande usiofaa unakutana na maadui wanaokuzidi leveli mbili au tatu, na kwa mfumko ule, leveli mbili ni ukuta. Mchezaji anaanza kufuata mpangilio wa leveli badala ya kufuata kile ambacho wahusika wanakitaka. Blackpits ni mfano mbaya kuliko yote: ukienda kumwokoa Gwydian Rince, unamaliza pambano la Magisters, kisha viumbe vya mafuta vinaibuka na eneo zima linashika moto wa laana ambao maji ya kawaida hayauzimi. Hadithi ilikuwa inahusu kumwokoa mtu. Kinachobaki kichwani ni moto.

Kwa anayecheza sasa, namna ya kupunguza maumivu ni hii. Kila ukipanda leveli, zunguka kwa wauza duka, kwa sababu bidhaa zao zinabadilika mtu anapopanda leveli (na pia kila saa moja ya kucheza). Badilisha silaha za wanaotoa madhara kila baada ya leveli mbili. Mavazi yanaweza kusubiri zaidi. Usigawe pointi za kutangulia kwa wote wanne. Zamu zinapishana, mmoja wenu, mmoja wao, mmoja wenu, kwa hiyo mhusika mmoja tu mwenye Wits ya juu (sifa inayoamua nani anatangulia) anatosha kukupa zamu ya kwanza. Waliobaki weka pointi zao kwenye madhara.

Na kuhusu kuchagua wenza: wawili wa mwili na wawili wa kichawi inafanya kazi vizuri kama mtajigawa maadui tangu zamu ya kwanza. Wale wenye deraya nyembamba ya kichawi, kwa kawaida wapiganaji wa karibu, ni wa wachawi wenu. Wachawi wao ni wa wapiganaji wenu. Hesabu yako ya 1,100 inatokea pale wote wanne wanapomrukia adui mmoja.

MwanaDadu

Umenisahihisha vyema kwenye kugawana maadui, mkuu. Nakubali kwamba 1,100 ni hali mbaya kabisa, wala si ya kila vita. Lakini gemu haimfundishi mchezaji hilo popote, na wengi wanagundua wakiwa wamefika Arx, mji wa mwisho, wamechoka.

PoshoYaKambi

Naomba nilete Baldur's Gate 3 (Agosti 2023 kwenye kompyuta), kwa sababu ni studio ileile na wamehamisha tatizo sehemu nyingine kabisa.

Katika Original Sin 2, nje ya vita unatandika godoro, unalala sekunde moja, wote wamepona, bure. Kila pambano unaliingia ukiwa mzima. Kwa hiyo kila pambano lazima liwe gumu lenyewe, na ndiyo maana gemu ile haina mapigano mengi madogo ya kujazia. Baldur's Gate 3 inafuata kanuni za Dungeons & Dragons toleo la tano: nafasi za uchawi zinatumika na kuisha, unapewa mapumziko mafupi mawili kati ya mapumziko marefu, na pumziko refu linagharimu posho (vyakula vya kambi) 40 kwenye ugumu wa kawaida, 80 kwenye ugumu wa juu wa Tactician. Ugumu unatokana na kuchakaa polepole.

Sasa angalia hadithi inasema nini mwanzoni. Una kiluwiluwi ndani ya kichwa, kinaweza kukugeuza kiumbe mwingine ndani ya siku chache, harakisha. Mchezaji makini anafanya kile hadithi ilichomwambia, halali. Anabana nafasi za uchawi, anapigana akiwa nusu mfu. Na kwa kuwa maonyesho mengi ya wenza yanatokea kambini usiku wa pumziko refu, anayakosa. Maonyesho yamepangwa foleni, kwa kawaida moja kwa usiku, na ukivuka kwenda sehemu ya pili mengine yanafutika. Kwa maneno mengine, anayeiamini hadithi anaadhibiwa na gemu mara mbili, vitani na kwenye hadithi yenyewe.

Ukweli ni kwamba kile kiluwiluwi hakina saa. Unaweza kulala usiku 30, hakitakugeuza. Mambo yanayotegemea kulala ni machache na yanajulikana: nyumba ya wageni inayoungua pale Waukeen's Rest, ukishafika na kuuona moto kisha ukaenda kulala, waliokuwa ndani hawatakusubiri; na Nere aliyefukiwa kwenye gesi ya sumu kule Grymforge, hana siku nyingi. Vingine vingi vinakungoja.

Mgeni_Faerûn

Swali kwa PoshoYaKambi: anayeanza sasa, ambaye hataki kukosa maonyesho ya wenza lakini pia hataki mapigano yawe mepesi kupita kiasi, alale mara ngapi?

PoshoYaKambi

Karibu, mkuu. Usihesabu siku, hesabu matukio. Lala baada ya kila jambo kubwa la hadithi: ukishafika kijiji cha druidi, kila mwenza mpya akijiunga, ukishatoka kambi ya goblini, kabla na baada ya kushuka Underdark, nchi ya chini ya ardhi. Kama hujaishiwa nafasi za uchawi na hutaki kuzirudisha zote, chagua pumziko bila posho, au na posho pungufu. Pumziko hilo linarudisha nusu tu ya uhai na nusu ya nafasi za uchawi, lakini maonyesho ya usiku bado yanatokea. Ukiona usiku mmoja umepita na tukio, lala tena palepale uone kama foleni bado ina kitu. Rudia mpaka usiku upite kimya.

Posho haiishi kirahisi ukiwa unaokota vyakula. Kila mkate, soseji na chupa ya mvinyo una thamani yake ya posho, vitume moja kwa moja kambini badala ya kuvibeba mgongoni.

Jambo jingine. Mapumziko mafupi yatumie kweli; kila moja linarudisha nusu ya uhai wote, na wahusika kama warlock na mpiganaji wanarudishiwa uwezo wao. Wengi wanamaliza siku bila kuyagusa kisha wanalalamika kwamba vita ni vigumu.

KofiaYaTempla

Wote mmetaja Larian. Naleta mfano wa upande wa kushindwa, Dragon Age II ya BioWare, 2011.

Hadithi yake, kwenye karatasi, ni miongoni mwa nzuri za aina hii: mji mmoja, Kirkwall, miaka kadhaa, mvutano kati ya wachawi na Templa, askari wanaowadhibiti wachawi, unaopanda taratibu mpaka unalipuka. Mji mzima unaogopa uchawi wa damu. Sasa mtengeneze Hawke, mhusika wako, awe mchawi, mpe uchawi huo wa damu, kisha pigana barabarani mchana kweupe. Hakuna anayesema neno. Templa wamesimama hatua chache, wewe unajikata na kurusha damu, vita ikiisha wanakusalimia. Kipimo cha mleta mada kinaanguka hapo moja kwa moja: kitu ambacho hadithi inakiita hatari kuliko vyote, vitani ni kitufe tu kama vitufe vingine.

Lakini nadhani kilichoua zaidi ni mawimbi ya maadui. Unapanga kikosi: mlinzi mlangoni, mchawi na mpiga mishale nyuma. Unaua kundi la kwanza, na hapo kundi jingine linadondoka kutoka paa au kuchomoza hewani, mara nyingi juu ya mchawi wako. Mpango wa nafasi unakuwa hauna maana, kwa sababu hakuna upande wa nyuma ulio salama. Wachezaji wanajifunza haraka kubana nguvu zao kubwa hadi wimbi la pili, na pambano la dakika moja linakuwa la nne. Zidisha kwa kila uchochoro wa Kirkwall usiku. Kufika sehemu ya tatu, pale hadithi inapoanza kulipa, mtu amechoka. Mapango nayo yalikuwa yaleyale yakirudiwa, milango michache imezibwa ili paonekane pengine.

Somo la kiufundi kwa anayebuni gemu: maadui wa ziada ni halali kama mchezaji anaweza kuona wanakotokea. Mlango, ngazi, tarumbeta ikilia zamu moja kabla. Akiweza kuuziba mlango, wimbi la pili ni fumbo la kutegua. Likitoka hewani ni adhabu.

Yrden

Nakubaliana, na naongeza mfano unaokwenda kinyume, mapigano ya kawaida kabisa yaliyobebwa na hadithi. The Witcher 3, CD Projekt Red wa Poland, 2015.

Ukiondoa hadithi, mapigano yake ni mepesi: pigo la haraka, pigo zito, kukwepa, ishara tano. Ngao ya Quen peke yake inafuta makosa yako mengi. Lakini chukua kandarasi ya kisima kule White Orchard. Unachunguza, unagundua ni noonwraith, mzimu wa mchana. Unasoma kwamba amefungwa na kitu kilichobaki duniani, unashuka kisimani, unapata bangili, unaichoma pamoja na mabaki ili ajitokeze. Kisha vitani anapokuwa kama moshi upanga hauna faida. Unaweka mtego wa Yrden, akiingia ndani anakuwa mwili, unampiga. Anapojigawa kuwa watatu, unavunja vivuli kabla havijamrudishia uhai. Kila hatua ya vita ni jibu la swali lililoulizwa kwenye uchunguzi.

Kasoro yake ni kwamba ugumu wa chini unaifuta hiyo kazi yote. Kwenye Just the Story au Story and Sword unaweza kumchapa kiumbe chochote bila mafuta ya upanga wala dawa, na kule kutafakari kunakurudishia uhai wote. Blood and Broken Bones ndipo gemu inapokuwa ile ambayo hadithi inaielezea: kutafakari hakurudishi uhai, kwa hiyo chakula na dawa ya Swallow vina thamani. Mafuta ya upanga yanaongeza 10% ya kwanza, 25% yaliyoboreshwa, 50% ya juu kabisa, na kwenye ugumu huo tofauti inaonekana kwa macho. Mtu akilalamika kwamba mapigano ya Witcher 3 yanachosha, swali la kwanza la kumuuliza ni anacheza ugumu gani.

Na asifanye kila kazi ya pembeni kabla ya kuendelea. Ukizidi kazi kwa leveli 6 inakulipa uzoefu kidogo mno, na maadui wake wanakufa kabla hujaweka mtego. Fanya kandarasi zilizo karibu na leveli yako, zilizobaki ziache.

Asiye_na_Jina

Kwa ufupi tu: Planescape: Torment, 1999. Mapigano yake ni mabovu, sitayatetea. Maadui wanajirundika, wenzako wanapita mahali pasipofaa, uchawi mkubwa unasimamisha kila kitu kwa onyesho refu. Lakini mhusika wako hawezi kufa, na gemu inalichukulia hilo kwa uzito: ukiuawa unaamka tena, mara nyingi ndani ya nyumba ya maiti, na kuna mahali ambapo kufa ndiyo njia ya kupita. Kushindwa vita kumekuwa sehemu ya hadithi badala ya kurudia gemu pale ulipoihifadhi. Ndiyo maana watu wanaivumilia. Anayetaka kuicheza aweke Wisdom na Intelligence juu kabisa, nguvu za misuli ziache. Maongezi yanalipa uzoefu mwingi kuliko upanga.

Zamu_kwa_Zamu

Hapo umegusa jambo nililotaka tulijadili: kuongea ili kukwepa vita. Baldur's Gate 3 imejaa. Ndugu wa Thorm katika nchi zenye laana ya kivuli, Gerringothe, Malus na Thisobald, wote watatu unaweza kuwamaliza kwa maneno. Pepo Yurgir unaweza kumshawishi aue wasaidizi wake na hatimaye ajiue. Uzoefu unaupata.

Je, hiyo ni hadithi kushinda, au ni mapigano yametupwa? Nauliza kwa sababu pambano la Yurgir ni moja ya yaliyopangwa vizuri zaidi, kuna mwinuko, kuna maadui waliojificha, na mtu anaweza asilione kamwe.

MwanaDadu

Nadhani inategemea maongezi yamelipiwa na nini. Tuweke hesabu mezani. Maongezi yanaamuliwa kwa dadu ya pande 20; tuseme jaribio linadai jumla ya 20 na una nyongeza ya 8. Unahitaji dadu ionyeshe 12 au zaidi, yaani 45%. Ukipewa dadu mbili uchukue kubwa, ni karibu 70%. Ukitumia uchawi wa Guidance, unaoongeza dadu ndogo ya 1 hadi 4, bila dadu mbili, ni 57.5%. Na ukiwa na pointi za Inspiration, ambazo unaweza kubeba hadi nne, unarusha upya. Kwa hiyo kikosi chenye msemaji mmoja mzuri kinapita karibu kila jaribio. Likirudiwa mara tatu mfululizo, kama kwa Yurgir, bado una akiba.

Kinachokosekana ni gharama. Vitani unalipa nafasi za uchawi, uhai, posho. Kwa maneno hulipi kitu ila kubonyeza tena. Thisobald ndiye aliyebuniwa vizuri kuliko wote kwa maoni yangu, kwa sababu unakunywa naye na mwili wako unapimwa, kuna kitu unakihatarisha. Kwa Malus unamwambia wauguzi wake wamfanyie yeye alichotaka kukufanyia wewe, na wanafanya. Inatisha na inaendana naye. Lakini vitani hakuna kilichobadilika kwako.

Linganisha na Ketheric Thorm, adui mkuu wa sehemu ya pili. Hafi, na hadithi inakueleza kwa nini: kutokufa kwake kunatoka kwa mfungwa anayeitwa Nightsong, jina lake halisi Aylin. Ukimwacha mwenza wako Shadowheart achague, akimwachia huru, Aylin anakuja kupigana upande wako juu ya paa la mnara wa Moonrise. Akimuua, Ketheric bado anakuwa mtu wa kufa, ila Aylin humpati. Uchaguzi wa moyo wa mhusika mmoja umeamua nani yuko uwanjani. Na hata ukimshawishi Ketheric kwa maneno kule chini, bado utakutana na mjumbe wa Myrkul, mungu wa mauti. Maneno yamepunguza vita, hayajaifuta. Hicho ndicho kiwango ninachokitaka.

KofiaYaTempla

Na sehemu ya tatu ya Baldur's Gate 3 mbona hamuitaji? Leveli inaishia 12, na mchezaji anayefanya kazi za pembeni anafika hapo mapema akiwa mjini. Baada ya hapo uzoefu hauna kazi. Hadithi inamwagika pande zote, kila mwenza ana hitimisho lake, lakini vitani hukui tena. Unapigana kwa sababu ya hadithi peke yake, ndiyo maana pale wengi wanaanza kuruka mapambano.

PoshoYaKambi

Kweli kabisa, na dawa ipo kwenye mpangilio. Usimalize kazi zote za mjini kwanza kisha hitimisho za wenza mwishoni. Fanya kinyume: hitimisho la mwenza mmoja, kazi mbili tatu za mji, mwenza mwingine. Na wabadilishe wanaokwenda vitani. Wale wa kambini nao wako leveli ileile, na Withers, yule mfu wa kambini, kwa dhahabu 100 tu anakubadilishia muundo mzima wa mhusika. Kama hukui kwa leveli, kua kwa kujaribu muundo mpya.

Anayetaka mapigano yenye uzito hadi mwisho, ugumu wa Honour ulioongezwa Novemba 2023 unaruhusu kuhifadhi gemu sehemu moja tu, na mabosi wana vitendo vya ziada nje ya zamu yao. Ila simshauri mtu aanze nayo. Hadithi hutaifuata, utakuwa unaangalia namba.

Mgeni_Faerûn

Asanteni wakuu. Swali la mwisho, narudi kwenye Original Sin 2: Lohse, mmoja wa wale wahusika sita. Inasemekana pambano lake la Arx linaharibu gemu kwa wanaompenda. Kwa nini?

Zamu_kwa_Zamu

Kwa sababu pale hadithi na vita vimekuwa kitu kimoja bila huruma. Lohse amekaliwa na pepo, Adramahlihk, anayejifanya daktari mjini Arx. Ukimkabili pepo huyo wakati Lohse yuko kwenye kikosi, anaweza kumgeuza Lohse akupige wewe. Ukimwacha Lohse nyuma, umemnyima haki ya kumaliza vita yake mwenyewe. Kabla ya hapo unaweza kuifikia mishumaa inayoshikilia roho za watu aliowachukua. Ukiizima anadhoofika sana, lakini roho hizo zinapotea, na mmoja wa mishumaa hiyo ni wa Lohse, usiuguse.

Kama hutaki kuizima, ingia ukiwa leveli ya 20 au karibu, pointi 3 za Source zimejaa kwa kila mtu, deraya ya kichawi ya Lohse iwe kubwa kuliko ya wote, na msimamishe mbali na wenzake kabla ya mazungumzo kuanza. Watatu waliobaki wasisimame pamoja. Uchawi wake unafika eneo kubwa, na mkiwa mmebanana zamu ya kwanza inaweza kuwamaliza wawili. Mpige upande mmoja tu wa deraya. Lohse akigeuzwa, usimpige. Mweke mmoja wa kumzuia, mvute mbali kwa Teleportation, na wawili waendelee na daktari.

Mgeni_Faerûn

Na Fane akiwemo?

Zamu_kwa_Zamu

Anafaa. Mbebeshe chupa za sumu kama tatu, ndizo dawa yake, na hakikisha hakuna anayemrushia uchawi wa kuponya kwa mazoea.